Ramani za zamani za topografia na historia ya vijiji vya Usukuma

Ramani ya topografia ni ramani inayoonyesha sura ya nchi kwa kina: vilima na mabonde kwa mistari ya kontua, mito, mabwawa, uoto, barabara, njia za miguu, majengo na majina ya mahali. Ramani ya aina hiyo ikishakuwa ya miaka mingi hugeuka chanzo cha historia, hasa kwa maeneo ya mashambani ambako maandishi ni machache. Kusini mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wasukuma inayozunguka jiji la Mwanza nchini Tanzania, ramani zilizotokana na upimaji wa kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 zina thamani ya pekee, kwa sababu zinaonyesha mahali familia zilipokuwa zikiishi kabla ya kuhamishwa.

Wanafunzi wengi wa Tanzania hukutana na ramani hizo katika swali la usomaji ramani la mtihani wa jiografia. Huhesabu miraba ili kupata eneo la bwawa, hupima urefu wa barabara kwa uzi, kisha huziacha hapo. Ni hasara, kwa kuwa karatasi ileile iliyotumika kwa mtihani mara nyingi ina majina ya vitongoji ambavyo leo vimebaki midomoni mwa wazee wachache.

Kilichomo katika karatasi moja

Mfululizo muhimu zaidi kwa Tanzania bara ni ule wa kipimio cha 1:50,000, unaojulikana kwa alama ya Y742. Kwa kipimio hicho sentimita 2 katika ramani ni sawa na kilomita 1 ardhini. Kila karatasi hufunika dakika 15 za latitudo na dakika 15 za longitudo. Huku karibu na ikweta huo ni mraba wenye upande wa kati ya kilomita 27 na 28. Mtu mwenye nguvu angeuvuka kwa miguu kutwa nzima, na kwa sababu hiyo unakaribiana na dunia ya kila siku ya mkulima wa zamani: shamba, kisima, soko la pamba, kanisa, shule na mwalo wa mitumbwi.

Pamoja na sura ya nchi, karatasi hiyo ina alama za shule, zahanati, misheni, mahakama za wenyeji, majosho ya ng'ombe, malambo na vinu vya kuchambulia pamba. Nyumba za kawaida za mashambani huonyeshwa kwa vidoa vidogo vyeusi. Kidoa chenye upana wa nusu milimita huchukua nafasi ya mita 25 ardhini, kwa hiyo kidoa kimoja hakimaanishi lazima nyumba moja. Penye nyumba nyingi mchoraji alilazimika kupunguza. Anayehesabu vidoa ili kupata idadi ya kaya za mwaka fulani atakosea, lakini anayetazama jinsi vilivyotawanyika au kukusanyika hatapotezwa.

Katika matoleo ya zamani kimo huandikwa kwa futi. Uso wa ziwa, ulio mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, husomeka kama futi 3,720 hivi.

Jinsi pwani ya kusini ya ziwa ilivyochorwa

Kabla ya kupimwa, ziwa lilichorwa kwa masimulizi. Katikati ya miaka ya 1850 wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliokaa Rabai karibu na Mombasa, walikusanya habari kutoka kwa watu wa misafara na kuchora ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika ya Mashariki. Walikuwa wameunganisha katika maji mamoja habari za maziwa matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Ramani yao ilizua ubishi mkubwa Ulaya, na ubishi huo ulichangia kutumwa kwa safari ya Richard Burton na John Hanning Speke. Speke aliliona ziwa kutoka kilimani karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka kwa mashua akianzia Kageye, mashariki ya Mwanza, kijiji alichokiandika Kagehyi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza alitengeneza chati ya ziwa kwa ajili ya vyombo vya majini.

Wajerumani, waliotawala kuanzia miaka ya 1880 hadi Vita Kuu ya Kwanza, waliacha ramani kubwa ya koloni lao kwa kipimio cha 1:300,000. Ilichapishwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer katika karatasi 29 pamoja na vipande vya nyongeza. Richard Kiepert aliianza, na Paul Sprigade na Max Moisel waliikamilisha. Sehemu kubwa ya habari zake ilitokana na kumbukumbu za safari za maofisa, wamisionari na wavumbuzi, waliopima njia kwa dira na saa huku wakiandika majina waliyotajiwa. Ndiyo maana majina hujipanga kama shanga kwenye uzi mahali njia ilipopita, na katikati ya njia mbili huwa na nafasi nyeupe. Weupe huo si dalili ya nchi isiyo na watu. Ni dalili kwamba Mjerumani hakupita.

Ramani za 1:50,000 zilitengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, mtu ambaye miaka ya 1930 alikuwa ameshiriki kupima safu ya pembetatu kufuata meridiani ya 30 ikipita magharibi ya Tanganyika. Ndege za jeshi la anga la Uingereza, na baadaye za kampuni, zilipiga picha za nchi kutoka juu, mkanda kwa mkanda, kila picha ikipishana na ya pili ili sehemu ileile ionekane kutoka pande mbili. Kwa kutazama picha mbili kwa pamoja mchoraji aliona vilima vikiinuka, akavichora akiwa ofisini Uingereza bila kukanyaga Usukuma. Majina hayaonekani angani, kwa hiyo yalikusanywa baadaye na watu wa ardhini. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mwanahistoria: mstari wa mto katika ramani hizo ni wa kuaminika zaidi kuliko jina lililoandikwa kando yake.

Makazi yaliyotawanyika

Wasukuma hawakuwa na vijiji vya nyumba zilizobanana. Kila kaya ilisimama peke yake katikati ya mashamba na malisho yake, mara nyingi ikizungukwa na uzio wa minyaa. Kaya za jirani zilifanya gunguli moja chini ya mwanangwa, na magunguli mengi yalifanya utemi chini ya ntemi. Anayeangalia karatasi ya zamani ya Kwimba au Magu huona mpangilio huo bila kuelezwa. Vidoa vimemwagika kama mtama uliopeperuka, vingi kwenye miteremko na vichache bondeni.

Mpangilio huo una sababu iliyo ardhini. Usukuma ni nchi ya vilima vya mawe ya itale, na udongo hubadilika kadiri mtu anavyoteremka. Karibu na mawe kuna udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, mwepisi kulimwa kwa jembe la mkono. Chini zaidi kuna itogolo, na bondeni kabisa kuna mbuga yenye udongo mweusi mzito unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kaya zilikaa juu ya mstari wa maji na karibu na udongo mwepesi, mbuga ikaachiwa mifugo. Mwanafunzi anayefuata kontua kwa kidole, kutoka kilimani hadi bondeni, anaweza kukisia mahali nyumba zitakapokoma kabla hajazitazama. Akikuta vidoa mbugani, hapo pana swali la kuuliza: je, watu walikuwa wameongezeka, au pamba na jembe la kukokotwa na ng'ombe vilifanya udongo mzito ulimike?

Malambo nayo yana historia yake. Mengi yalichimbwa chini ya mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947, ambao makao yake yalikuwa Malya. Mpango huo ulitaka kupunguza mifugo katika maeneo yaliyojaa na kufungua nchi mpya upande wa Geita kwa kufyeka pori la mbung'o. Vinu vya pamba na masoko yake vinakumbusha vyama vya ushirika vya wakulima, vilivyoungana mwaka 1955 katika shirikisho la Viktoria lililohusishwa sana na jina la Paul Bomani. Alama ndogo ya soko la pamba penye njia panda inaeleza kwa nini njia sita za miguu zinakutana mahali pasipo na mto wala kilima.

Operesheni Vijiji

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na sera ya vijiji vya ujamaa, mwanzoni kwa hiari. Mwishoni mwa mwaka 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iishe mwaka 1976. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga operesheni ilishika kasi mwaka 1974. Watu walitolewa kwenye kaya zao na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, ili iwe rahisi kuwafikishia shule, maji na zahanati, na pia ili iwe rahisi kuwasimamia. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 iliweka kaya 250 kuwa kiwango cha chini cha kuandikisha kijiji. Takwimu za serikali za mwaka 1977 zilihesabu watu milioni 13 hivi wanaoishi katika vijiji.

Kwa historia ya jamii hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote ambayo ramani inaweza kulisimulia. Ikiwekwa karatasi iliyotokana na picha za miaka ya 1950 au ya 1960 kando ya ramani ya baadaye au picha ya satelaiti ya leo, mabadiliko huonekana kwa jicho: vidoa vilivyotawanyika vimetoweka, na nyumba zimejipanga kwenye barabara. Njia za miguu zilizokuwa zikiunganisha kaya na kaya zimekufa. Mahali zilipokuwa nyumba pamebaki mahame, au matongo kama wasemavyo Wasukuma: kizuizi cha minyaa kilichokomaa kikawa miti, jiwe la kusagia, mawe ya mafiga, na udongo wenye rutuba ya samadi ya zizi la zamani. Mara nyingi makaburi ya wazazi yamebaki hukohuko. Baadhi ya watu walirudi karibu na mashamba yao katika miaka ya 1980, usimamizi ulipolegea, kwa hiyo picha ya leo si ya mistari mitupu. Kuna tabaka tatu juu ya ardhi moja, na mjukuu aliyezaliwa baada ya mwaka 1974 huwa ameona mbili tu.

Hapo ndipo ramani inaposaidia ambapo simulizi peke yake hukwama. Mzee husema "tulikaa kule juu, ng'ambo ya korongo", na mjukuu hajui korongo lipi. Ramani ina makorongo yote. Kinyume chake ramani ina vidoa mia mbili visivyo na jina, na mzee ana majina.

Majina ya mahali

Majina ndiyo sehemu tamu zaidi ya kazi hii, na yenye mitego mingi.

Kwanza ni masikio ya wageni. Wajerumani waliandika kwa tahajia yao: Muansa ni Mwanza, Ussukuma ni Usukuma, Schirati ni Shirati, Udschidschi ni Ujiji, Bagamojo ni Bagamoyo. Anayetafuta kijiji katika ramani ya 1:300,000 sharti ajizoeze kusoma "sch" kama sh, "dsch" kama j, "j" kama y, na mara nyingi "s" kama z. Asipofanya hivyo atadhani kijiji chake hakikuwapo.

Pili ni Kiswahili chenyewe. Kisukuma kina sauti ng'w ambayo makarani waliizoea kama mw. Majina yanayoanza na Mwa- katika ramani za serikali hutamkwa na wenyeji Ng'wa-, na maana yake mara nyingi ni "kwa fulani". Mwamashimba, kwa mfano, huweza kusomwa kama "kwa Mashimba". Majina ya aina hiyo ni dokezo la ukoo au mtu aliyefungua eneo, na ni mlango mzuri wa mahojiano. Majina yenye Bu- mwanzoni, kama Bukumbi, kwa kawaida hutaja nchi au eneo zima. Mtego ni kwamba kijiji kilipohamishwa jina wakati mwingine lilihama nacho, na wakati mwingine lilibaki na kilima. Jina lilelile linaweza kuwa kilomita kadhaa kutoka lilipokuwa mwaka 1960. Pengine kijiji kipya kilipewa jina la siasa au la Kiswahili, na jina la kale likabaki kwa mto au mwamba tu.

Tatu ni majina yanayojitaja umri. Mabatini, kata ya wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, ni mfano mzuri. Jina hilo linatokana na neno mabati. Haliwezi kuwa la kale kuliko kufika kwa mabati yenyewe katika nchi ya nyumba za nyasi, na mahali huitwa hivyo pale tu paa la bati lilipokuwa jambo la kutazamwa. Leo, ambapo karibu kila paa la jiji ni la bati, hakuna mtaa ambao ungepewa jina kama hilo. Jirani yake kuna kata ya Mbugani. Jina hilo ni la bonde la udongo mzito lililokuwapo kabla ya nyumba, na kontua za eneo zinalithibitisha: maji ya vilima vya mawe hukusanyika katika bonde la mto Mirongo, unaokwenda kumwaga ziwani. Mafuriko yanayowasumbua wakazi wa bonde hilo kila mvua zinapokuwa kubwa hayashangazi mtu aliyesoma jina na kontua kwa pamoja.

Mabatini inafaa pia kuonyesha jinsi mji unavyomeza historia ya shamba. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na sensa ya mwaka 1967 ilikuta mji wenye watu wapatao 35,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 1.1 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela. Karatasi za zamani zinaonyesha vilima na mabonde ambayo sasa yamefunikwa na nyumba hadi kwenye miamba. Kilima cha Bugando, kwa mfano, kinajulikana leo kwa hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, na ramani ya kabla ya hapo ina kilima bila hospitali. Mwanafunzi wa mjini hana haja ya kusafiri hadi Kwimba kutafuta mahame, kwani mengine yako chini ya sakafu ya darasa lake.

Mwambao unaohama

Karibu na ziwa kuna hatari ya kuulaumu mchoraji bure. Kati ya mwaka 1961 na 1964, baada ya mvua kubwa mno, maji ya Ziwa Viktoria yalipanda kwa mita 2.5 hivi. Mahali penye mwinuko mkali mabadiliko hayaonekani katika ramani. Penye ufuko wa tambarare maji yaliingia ndani mamia ya mita, yakafunika mashamba ya mpunga, miti ya ufukoni na mialo. Kwa hiyo karatasi iliyotokana na picha za miaka ya 1950 ina mwambao usiolingana na ule wa karatasi iliyorekebishwa baada ya mwaka 1964, na zote mbili ni sahihi kwa siku yake. Mwaka 2020 maji yalifikia tena kiwango cha rekodi ya mwaka 1964, na watu waliojenga karibu na maji wakashangaa kama wale wa zamani. Wazee wa mwambao hukumbuka mafuriko hayo ya kwanza pamoja na uhuru, kwa kuwa yalianza mwaka uleule, na kumbukumbu hiyo husaidia kupanga matukio mengine ambayo hayana tarehe.

Kuifanyia kazi ramani pamoja na wazee

Kazi ya kwanza ni pambizo. Karatasi moja inaweza kuwa na tarehe nne: ya picha za angani, ya kukusanya majina, ya kuchora na ya kuchapa. Ramani iliyochapwa baada ya Operesheni Vijiji inaweza kuwa inaonyesha nyumba za picha zilizopigwa miaka mingi kabla yake. Makosa mengi ya wanafunzi huanzia hapo. Wilaya na mikoa iliyoandikwa nayo ni ya wakati wake. Penye maneno Jimbo la Ziwa, Geita na Simiyu hazijawa mikoa, jambo lililotokea mwaka 2012.

Pili, nakala ikuzwe, iwekwe chini na kugeuzwa ielekee kaskazini halisi, na mazungumzo yaanze na kitu kisichohama: mwamba mkubwa, kanisa la zamani, makutano ya mito. Misheni ya Bukumbi, iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1883, ni nanga ya aina hiyo kwa upande wa kusini wa Mwanza. Wazee wengi hawakufundishwa kusoma ramani, na kuwauliza "onyesha kwenu" mbele ya mistari ya kahawia ni kuwatia aibu. Afadhali kutembea nao hadi kwenye mahame na kuandika majina papo hapo. Akina mama waulizwe peke yao pia, kwa sababu wao ndio waliojua visima, njia za kuni na mipaka ya bustani, mambo ambayo mpimaji hakuyajali.

Yapo mengi ambayo mpimaji hakuyajali. Makaburi ya familia, miti ya matambiko na mipaka ya magunguli kwa kawaida hayamo. Ramani ilitengenezwa kwa ajili ya serikali iliyotaka kujua barabara, kodi, pamba na mbung'o. Kukosekana kwa kitu ndani yake si ushahidi kwamba hakikuwapo.

Tatu ni tatizo la kiufundi ambalo limewapoteza wengi. Ramani za Y742 zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu za leo hutumia msingi wa WGS84. Mtu akichukua namba za gridi kutoka katika karatasi na kuziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, simu itampeleka karibu mita 300 kutoka mahali anapotaka, hasa upande wa kaskazini. Mita 300 Usukuma ni shamba la jirani. Programu za ramani za kompyuta, kwa mfano QGIS isiyolipiwa, zina uwezo wa kubadili msingi huo. Asiye na kompyuta anaweza kupima kosa mwenyewe kwa kusimama kwenye kitu kinachojulikana, kama daraja la reli au kanisa, na kulinganisha namba za simu na za karatasi.

Ramani na haki ya ardhi

Swali linaloulizwa mara tu ramani ya zamani inapofunguliwa kijijini ni moja: je, inathibitisha kwamba ardhi hii ilikuwa yetu? Jibu linahitaji uangalifu, kwa maana watu wameshawahi kugombana juu ya kidoa.

Ramani ya topografia haionyeshi miliki. Inaonyesha kwamba siku ya picha palikuwa na nyumba, si kwamba nyumba ilikuwa ya nani wala shamba lake liliishia wapi. Na hata ushahidi wa makazi ukikamilika, sheria imeshasema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 15, inatambua ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, na inazima haki zilizokuwapo kabla ya ugawaji huo. Mwaka 1992 Bunge lilikuwa limejaribu kuzima haki hizo kwa sheria nyingine, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, ikabatilisha baadhi ya vifungu vyake. Kwa hiyo mwenye madai amwone mwanasheria kabla ya kumwona mchapishaji wa nakala za ramani.

Palipo na faida ni kwingine: kutambua makaburi kabla ya barabara au mgodi kupita, kueleza asili ya jina la kitongoji linalotaka kubadilishwa, kuonyesha lambo lililojaa tope lilikuwa wapi, au kumsaidia mtoto wa waliohamia Geita au Rukwa kupata kilima walichotoka babu zake.

Mahali pa kuzipata

Ramani za 1:50,000 hutolewa na idara ya serikali ya upimaji na ramani, ingawa baadhi ya karatasi zimekwisha na hupatikana kwa nakala tu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa Afrika ya Mashariki ambamo zimo pia karatasi za Hans Cory, aliyeandika juu ya watemi na sheria za Wasukuma katika miaka ya 1950. Vitabu vya wilaya vya enzi za Waingereza, vilivyomo katika Nyaraka za Taifa, vina orodha za watemi na mara nyingine michoro ya mipaka ambayo ramani zilizochapwa hazina. Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Kisesa, husaidia kwa majina ya koo na tawala.

Nje ya nchi, British Library ya London imeweka katika intaneti, bila malipo, mamia ya ramani za Afrika ya Mashariki za idara ya vita ya Uingereza za miaka ya 1890 hadi 1940. Karatasi za Kijerumani za 1:300,000 zimo katika maktaba kadhaa za kidijitali. Picha za angani zilizotumiwa kuchora Y742 zimehifadhiwa pamoja na mkusanyiko wa kitaifa wa picha za angani wa Edinburgh, Uskoti. Kupata nakala yake kuna gharama, lakini picha moja ina habari kuliko karatasi iliyotokana nayo: penye kidoa katika ramani, picha huweza kuonyesha duara la minyaa, zizi ndani yake, na njia nyembamba ikiteremka kuelekea maji.